Zamani walioa shamba, leo tunaoa nini?

Julai 1838 Charles Darwin alikuwa kapera wa miaka 29 aliyekwisha kurudi kutoka safari ya karibu miaka mitano baharini. Akachukua karatasi, akaigawa pande mbili. Upande mmoja akaandika "Kuoa", wa pili "Kutooa". Chini ya "Kuoa" akaorodhesha: watoto, Mungu akijalia, mwenzi wa kudumu na rafiki wa uzeeni, mtu wa kuangalia nyumba, muziki na maongezi ya kike. Mwenzi huyo, akaongeza, kwa vyovyote ni bora kuliko mbwa. Upande wa "Kutooa" akaweka uhuru wa kwenda atakako, kutolazimika kutembelea ndugu, na hofu ya kupoteza muda na pesa za vitabu. Akapima, akaamua. "Oa, oa, oa," akaandika chini, mithili ya mwanafunzi aliyemaliza hesabu yake. Januari iliyofuata akamwoa Emma Wedgwood, binti wa mjomba wake. Wakazaa watoto kumi, wakaishi pamoja miaka 43 hadi mume alipofariki.

Kinachonishangaza kwenye karatasi ile si mbwa. Ni kwamba jina la Emma halimo. Bwana aliamua kwanza kuoa, suala la amwoe nani likaja baadaye. Leo karatasi ya namna hiyo ikiangukia mikononi mwa mchumba, harusi imekwisha. Na bado nina shaka kama kuna anayeingia kwenye ndoa bila karatasi hiyo kichwani. Tofauti ni kwamba Darwin aliiandika.

Palipo na mazungumzo ya ndoa hapakosi mtu wa kusema kwamba zamani watu walioana kwa mapenzi ya kweli, siku hizi ni pesa tu. Nimeisikia kauli hiyo vikaoni, mahubirini, hata katikati ya sherehe ya harusi, na mara nyingi msemaji ni mtu ambaye babu yake hakuiona sura ya bibi yake mpaka siku ya ndoa. Kwangu mimi kauli hii imesimama kichwa chini, miguu juu. Zamani mali ilitajwa hadharani, mapenzi yakaachwa yajitafutie njia humo humo ndani ya nyumba. Leo mapenzi ndiyo sababu pekee inayoruhusiwa kutamkwa mbele za watu. Nyingine zote, yaani mali, upweke, umri, makaratasi, hamu ya watoto, macho ya majirani, tumezisukumia chini ya kitanda. Hazijaondoka. Zinalala nasi.

Ukitaka ushahidi wa karibu, sikiliza vitenzi vyetu. Baba anaoza, kijana anaoa, binti anaolewa, na asipoulizwa, anaozwa. Tendo moja lina watendaji hao wote, na mwenye kauli kubwa ni yule ambaye hataingia chumbani. "Kuoana" ipo, tena tunaitumia kila siku, lakini mwanamume akisema "mke wangu alinioa mwaka juzi" watu watacheka kabla hajamaliza sentensi. Halafu kuna ile ya mtaani: fulani amevuta jiko. Jiko ni chombo cha kazi, na msemo wenyewe hauoni haya kueleza kwa nini kijana ameoa. (Kwamba "kuoza" ni pia kuharibika kama embe, nawaachia watani.)

Kitabu cha Mwanzo kina kisa ambacho husimuliwa kama hadithi ya mapenzi, na mimi nakiona kama mkataba wa kazi. Yakobo anafika kwa mjomba wake Labani akiwa mkimbizi, mikono mitupu. Anampenda Raheli, binti mdogo. Hana mahari, basi anatoa alichonacho, nguvu zake: miaka saba ya kuchunga mifugo. Biblia inasema miaka hiyo aliiona kama siku chache kwa jinsi alivyompenda. Usiku wa arusi ukaja, asubuhi akakuta aliyelala naye ni Lea, dada mkubwa. Labani akajibu bila kupepesa macho: kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Ukimtaka Raheli, miaka saba mingine.

Sasa hesabu nia zilizomo ndani ya hema lile. Yakobo anataka penzi. Labani anataka mfanyakazi asiyelipwa na kumwondoa nyumbani binti mkubwa kwa wakati mmoja, na vyote anavipata. Raheli hatuambiwi alitaka nini. Lea naye hakuulizwa. Tunajua tu kwamba baadaye, alipozaa watoto wake wa kwanza, aliwapa majina yenye kilio cha kutaka mumewe ampende. Ndoa moja, nia nne, na iliyoshinda ni ya mwenye mali. Mapenzi yalikuwepo, tena makali, ila ilibidi yalipiwe kwa baba mkwe.

Watu wa kale hawakujificha kwenye jambo hili. Katika hadithi mashuhuri Mtume Muhammad alitaja mambo manne ambayo mwanamke huolewa kwayo: mali yake, nasaba yake, uzuri wake na dini yake, akahimiza mwenye dini ndiye achaguliwe. Himizo linajulikana. Mimi hapa natazama mpangilio wa orodha inayoeleza jinsi watu walivyokuwa wakioa: inaanza na mali. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitoa sababu nyingine fupi kabisa, kwamba ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Hakuna kati ya hao aliyedhani anamvunjia mtu heshima kwa kusema wazi.

Kwa mtu wa kawaida sababu kuu ilikuwa kazi na ardhi. Mwaka 1965 John Hajnal, mtaalamu wa takwimu za watu, alieleza jambo lililowashangaza wengi: huko Ulaya, magharibi ya mstari unaotoka Saint Petersburg nchini Urusi hadi Trieste nchini Italia, kwa karne kadhaa, wanawake waliolewa wakiwa wamekwisha kupita miaka ishirini kwa mbali, wengi wakikaribia au kuvuka 25, na si wachache ambao hawakuolewa maisha yao yote. Si kwamba walikosa wa kuwapenda. Huko wanaooana walitakiwa kuanzisha nyumba yao wenyewe, na nyumba ilihitaji shamba au karakana. Kijana akaenda kuwa mtumishi kwa watu, akadunduliza miaka kumi, akisubiri kipande cha ardhi kipatikane, na mara nyingi kupatikana kwake kulimaanisha mzee fulani amekufa. Kijana fundi aliyemwoa mjane wa bwana wake alipata karakana, vifaa na wateja kwa mpigo mmoja. Leo tungemwita mchunaji. Wakati ule aliitwa kijana mwenye akili.

Wakubwa nao walifanya hayo hayo kwa kiwango cha nchi. Januari 1477 mtawala wa Burgundy alikufa vitani, akaacha binti mmoja, Maria, na mfalme wa Ufaransa akiinyemelea ardhi yake. Maria alihitaji jeshi. Maximilian wa ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria, alihitaji ardhi. Wakaoana Agosti mwaka huo huo mjini Ghent, na kupitia ndoa hiyo na ya mtoto wao Filipo mwaka 1496 na Juana wa Hispania, ukoo ule ukapata himaya bila kupiga vita vingi vya kuipata. Ilikuwapo hata kauli ya Kilatini ya kuwasifu: wengine na wapigane, wewe Austria mwenye bahati, oa. La ajabu ni kwamba Maximilian na Maria walipendana. Alipokufa kwa kuanguka farasi mwaka 1482, mumewe alimlilia maisha yake yote. Mapenzi yaliwakuta ndani, hawakuingia nayo.

Hapa lazima nisimame kwa wanawake, kwa sababu lawama ya "siku hizi wanaangalia pesa" huelekezwa kwao. Uingereza, kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, mwanamke akiolewa mali yake iliyohamishika na ujira wake vilikuwa vya mumewe kisheria. Ufaransa, mwanamke mwenye mume alisubiri mpaka 1965 ndipo sheria ikamruhusu kufungua akaunti ya benki na kufanya kazi bila mume kuweza kumzuia. Marekani, ilifika 1974 ndipo sheria ikakataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya jinsia yake au hali yake ya ndoa. Mwanamke asiyeweza kurithi, kukopa wala kuajiriwa kwa ujira wa maana, aolewe kwa ajili ya nini kama si maisha? Ukimlaumu bibi huyo kwa kutazama mali ya mchumba, mlaumu na mkulima kwa kutazama mvua. Anayeolewa leo akiwa na mshahara wake, akaunti yake na jina lake kwenye hati ya kiwanja ana nafasi ya kutoangalia pesa ambayo wanawake wengi waliomtangulia hawakuwa nayo. Kama bado anaangalia, angalau anachagua.

Basi mapenzi yalipandaje kutoka kitu cha kutumainiwa hadi kuwa sharti? Wengi husema ni riwaya, filamu, muziki. Vimechangia. Lakini naona aliyefungua mlango ni mshahara. Baba alikuwa na nguvu juu ya ndoa ya mwanawe maadamu shamba lilikuwa lake. Mwaka 1556 mfalme Henri II wa Ufaransa alitoa amri iliyowapa wazazi haki ya kuwanyima urithi vijana waliooana bila ridhaa yao, wavulana mpaka wafike miaka 30 na wasichana 25. Amri kama hiyo ina meno pale penye urithi. Kijana anayepokea ujira wake mwisho wa wiki mjini, mbali na kwao, utamtisha na nini? Japani, ambako ndoa nyingi zilipangwa na familia na washenga, ndoa za kujichagulia zilizipita zile za kupangwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, wakati huo huo viwanda na miji vilipokuwa vikimeza vijana kutoka vijijini. Mapenzi yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni nauli.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema leo watu huoana kwa mapenzi. Kuna mkasa wa Uswidi ninaoupenda sana. Huko watu wengi huishi pamoja miaka na miaka, wanazaa, wananunua nyumba, bila kufunga ndoa, na hakuna anayewanyooshea kidole. Kisha serikali ikaamua kufuta pensheni ya wajane ya mtindo wa zamani, na wanawake wengi wangebaki na haki hiyo iwapo tu wangekuwa wameolewa kabla mwaka 1989 haujaisha. Desemba ikawa mwezi wa harusi. Ndoa za mwaka huo zilizidi 100,000, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Wawazie watu wale foleni mbele ya msajili, katikati ya baridi. Wengi wao walikwisha kupendana zamani, wana watoto wanaokwenda shule. Mapenzi yaliwatosha kuishi pamoja. Hayakuwatosha kwenda kusaini. Kilichowapeleka kusaini ni pensheni. Nadhani Uswidi ilituonyesha, bila kukusudia, kwamba mapenzi ni sababu ya kuwa na mtu, na ndoa mara nyingi huhitaji sababu nyingine juu yake. Bima, urithi, mtoto aliye njiani, mama aliyechoka kuulizwa na wenzake, kibali cha kukaa nchini.

Kibali hasa kina kejeli yake. Msajili wa ndoa huandika jina, umri, kazi, na kama umewahi kuoa. Haulizi kwa nini. Ofisi inayouliza kwa nini ni ya uhamiaji. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1986, mgeni aliyeoa au kuolewa na raia hivi karibuni hupewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili kwanza, ili ithibitike kwamba ndoa si ya makaratasi. Wanaoshukiwa huweza kutenganishwa vyumba, kila mmoja aulizwe mwenzake hulala upande gani wa kitanda. Ingekuwa kwa kipimo hicho, Maximilian na Maria wangefukuzwa Ghent asubuhi ile ile.

Hata kuchagua kwa moyo kuna uchujaji ambao moyo hausemi. Programu za kutafuta wachumba huuliza elimu, kazi, urefu, dini, kama unataka watoto. Mshenga wa zamani aliuliza mambo hayo hayo, isipokuwa urefu. Alitaka kujua kijana ni wa nyumba gani, anafanya nini, kwao kuna ugonjwa, kuna madeni. Sasa maswali yamehamia kwenye simu, tunabofya vichujio usiku tukiwa peke yetu, na yule anayebaki baada ya mchujo tunasema tumekutana naye kwa bahati. Msomi humpenda msomi, mwenye biashara humpenda mwenye biashara, na kila mmoja anaapa alitazama macho tu.

Simlaumu mtu kwa hilo. Ninachokiona kuwa tatizo kipo kwingine. Nyumba ya ndoa ya zamani ilisimama juu ya nguzo nyingi, na nyingi kati yake hazikuwa na uhusiano wowote na nia ya wale wawili. Ardhi iliwafunga pamoja. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kutoa na kupokea mahari, na kurudisha ilikuwa aibu na hasara. Sheria ilifunga mlango wa kutokea: Uingereza kabla ya 1857, kuvunja ndoa kabisa na kuoa tena kulihitaji sheria ya Bunge kwa kila wanandoa, jambo la matajiri wachache. Na kifo kilikuja mapema, kwa hiyo ahadi ya "mpaka kifo" mara nyingi ilikuwa fupi kuliko tunavyodhani. Wajane, baba wa kambo na mama wa kambo walijaa kila mahali. Chini ya paa hilo mtu aliweza kuingia na sababu dhaifu, hata bila sababu yake mwenyewe, na nyumba isianguke. Kudumu kwake hakukuthibitisha upendo. Kulithibitisha kwamba hapakuwa na pa kwenda, na wapo waliokufa kwa vipigo ndani ya ndoa zinazosifiwa leo kwa kudumu.

Nguzo hizo tumezing'oa moja moja, na mimi siombi zirudishwe. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu, katika ibara yake ya 16, lilisema ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana. Jimbo la California liliruhusu kuanzia Januari 1970 kuachana bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu, na nchi nyingi zikaelekea huko huko. Mlango wa kuingilia uko wazi, wa kutokea uko wazi. Kilichobaki kushikilia paa ni ile sababu tu iliyowaleta wawili pamoja. Ndiyo maana nasema nia zetu si chafu kuliko za babu zetu. Zinabebeshwa mzigo ambao nia za babu zetu hazikuwahi kubeba.

Na tunazibebesha bila kuzitaja. Kijana anayetaka kuoa kwa sababu amechoka upweke anasema "nimempata wa ubavu wangu". Dada anayeona umri unakwenda na anataka mtoto anasema "ni mapenzi tu". Miaka mitatu baadaye upweke umepungua, mtoto amezaliwa, kila mmoja amekwisha kupata alichokifuata, na wanatazamana mezani wakishangaa mapenzi yamekwenda wapi. Pengine hayakuwa yamefika bado. Wale wa zamani walijua hayajafika, hawakushtuka. Sisi tuliambiana yamo ndani tangu mwanzo, kwa hiyo tukiyakosa tunahisi tumeibiwa.

Wazee walikaa kikao, wakataja mahari, shamba, deni, tabia za ukoo, tena kwa sauti, hata kwa ugomvi. Kosa lao ni kwamba wenye ndoa hawakuwa kwenye kikao. Sasa wenye ndoa wamepatikana, kikao ndicho kilichopotea.

Nina marafiki wawili waliojaribu kukirudisha. Miezi michache kabla ya ndoa walinunua daftari la shule na kukaa nalo Jumapili jioni. Nani anadaiwa nini na nani. Wazazi wakizeeka wataishi wapi. Mtoto asipopatikana. Kazi ikihamia mji mwingine, nani amfuate nani. Hapo walikwama, wakaliruka, wakalirudia wiki iliyofuata. Mwishoni kila mmoja aliandika, bila kumwonyesha mwenzake, sababu tatu za kutaka ndoa sasa na si miaka mitatu ijayo. Kisha wakabadilishana daftari.

Sababu ya kwanza ilikuwa ile ile kwa wote, na mnaijua. Ya tatu ya mwanamume ilisema: "Nimechoka kurudi kwenye nyumba yenye giza." Ya tatu ya mwanamke: "Wadogo zangu wote wameshaolewa." Mwanamke anasema alipoisoma ile ya mwanamume alinyamaza kidogo, naye mwanamume alipoisoma ya mwanamke alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyekasirika. Walifunga ndoa kama walivyopanga, na daftari lipo kabatini, bahasha moja na cheti.